Ukuta Uliolazwa

Siku hizi mvua ikinyesha, mimi nalala. Nianze na hilo, wanangu, kwa sababu ndilo jambo la kwanza nililolifurahia baada ya kustaafu. Watu wengine wakisikia mvua juu ya mabati hujivutia shuka vizuri. Mimi kwa miaka yangu yote ya kazi nilikuwa nafumbua macho na kuanza kuzizungukia kwa mawazo nyumba nilizozisimamia, kutoka Likoni hadi Kiembeni. Bafu lile latoa maji vizuri? Paa lile litashika? Na ule ukuta wa Mishomoroni, je? Hapo kwenye ukuta wa Mishomoroni usingizi ulikuwa unaniaga kabisa.

Mmeniomba, nyinyi mnaojifunza ujenzi hapa Likoni, niwaandikie mambo ya kazi yangu. Baadhi yenu mlitaka kujua mwanamke aliishije katikati ya waashi. Jibu lake ni fupi: nilivaa kofia ya mjengo juu ya mtandio, na jua la saa nane halikuniuliza mimi ni nani. Niacheni niwaambie jambo litakalowafaa zaidi, nalo ni habari za vitu vilivyoinama.

Nilikuwa msimamizi wa ujenzi. Mwenye nyumba ana shughuli zake, mchoraji wa ramani yuko ofisini penye feni, fundi yuko juani. Mimi nilikaa katikati yao, nikihakikisha kilichochorwa ndicho kinachojengwa. Ramani zote ziliandikwa Kiingereza, na mafundi wangu walikuwa wa kila aina. Kuna waliosoma chuoni wiki chache, kuna waliosoma madrasa peke yake, na kuna mmoja aliyenishinda kwa vyeti lakini alikosa kazi ya ofisi akaja kuchanganya simiti. Nusu ya kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya ramani na kuwaeleza neno hili lataka nini.

Kiingereza ni lugha ya ajabu. Shangazi yako, mama yako mdogo na mke wa mjomba wako, wote watatu kimewapa jina moja, wakae wagombane wenyewe. Lakini kitu kikiinama kidogo tu, kimekipa majina mpaka unachoka. Kuna slope, kuna slant, kuna pitch, kuna fall, kuna batter, kuna lean, kuna tilt, kuna skew. Nilipokuwa chuoni niliyakariri yote kwa maana moja, kwamba kitu hakikunyooka, na nikafaulu mtihani vizuri sana. Mwalimu alinipongeza. Baadaye nilikwenda mjengoni, na mjengo haupongezi mtu ovyo.

Neno la kwanza kunifundisha adabu lilikuwa fall. Huu ni mwinamo wa maji. Sakafu ya bafu, paa la zege, bomba la maji machafu, vyote hupewa mwinamo mdogo ambao jicho halitakiwi kuuona, lakini maji huuona mara moja. Kwenye ramani huonyeshwa kwa mshale. Tulikuwa tukijenga nyumba moja Nyali, na sakafu za bafu nilimpa kijana hodari ambaye mwaka mzima alikuwa akijenga ngazi tu. Sasa nyinyi mnajua, au mtajua, kwamba mshale wa ngazi huelekea juu, kwa sababu humfuata mtu anayepanda. Mshale wa sakafu huelekea chini, kwa sababu huyafuata maji. Kijana wangu aliona mshale, akafanya kama alivyozoea. Kule ulikoelekeza akakupandisha, kwa ustadi mkubwa, na vigae akavipanga vikang'aa.

Mwenye nyumba alihamia, akaoga. Maji yakaondoka kwenye tundu lao, yakapita mlangoni, yakaingia chumba cha kulala na kunywewa na zulia. Alinipigia simu nikaenda, nikamkuta mlangoni na taulo lake, akaniuliza kwa upole kama bahari nimemletea mimi au ilikuwa ije yenyewe. Tulivunja vigae vyote. Yule kijana alijitetea kwamba mshale ni mshale, na kweli alikuwa amefanya kama macho yake yalivyozoeshwa. Tangu siku ile kila fundi mpya nilimfundisha kuuliza swali moja akiona mshale: hapa anatembea nani, mtu au maji?

Nikitaja mafundi siwezi kumruka Fundi Athumani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mwashi wa Mtongwe, mtu mzima nilipomkuta, mwenye maneno machache na kofia ya kiua iliyokwisha rangi kwa simiti. Alikuwa na tabia moja ambayo wageni walimcheka kwayo. Akifika mjengoni asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, alikwenda kwenye ukuta wa jana akaweka kiganja chake juu yake, akatulia kidogo. Ukishamaliza kuwekewa kiganja ukuta, ndipo tulipopata salamu zetu. Nilimuuliza siku moja anatafuta nini. Akasema anatafuta baridi, kwa sababu ukuta wenye maji ndani ni baridi kuliko wenzake, na ukuta wenye maji ndani hauna siri utakayoificha muda mrefu. Nilimwona mtu wa vituko. Sasa nami ni mtu wa vituko, maana nikienda kwa watu huwa nashika kuta zao kabla ya kikombe cha chai.

Yeye ndiye aliyenisaidia kwenye skew. Dereva mmoja wa malori kutoka bara alinunua kiwanja Magongo, huko Changamwe, mahali barabara inapokata kwa mshazari. Tulimjengea nyumba nzuri. Siku ya kumkabidhi funguo alisimama langoni, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, akasema nyumba imepinda na yeye haingii. Mkewe alikuwa ameshashusha masufuria. Nilifungua ramani nikaanza kumwonyesha vipimo, lakini mtu akishaona kwa macho yake huwezi kumtuliza kwa karatasi. Fundi Athumani akatuacha na karatasi yetu. Alichukua timazi, akaiteremsha kwenye kila pembe ya nyumba, na kila pembe akamwita mwenye nyumba aje auone uzi mwenyewe. Nyumba ilikuwa wima. Pembe zake zilikuwa mraba.

Yule bwana akazidi kuchanganyikiwa. Akauliza kama sasa tunasema barabara ndiyo mbaya.

"Barabara si mbaya, bwana," Fundi Athumani akamwambia. "Na nyumba si mbaya. Ila hawatazamani."

Hiyo ndiyo maana ya skew, na sijaipata iliyo bora zaidi. Hakuna kilichoinama wala kinachoanguka. Ni mambo ya uelekeo, vitu viwili kila kimoja na njia yake, na jicho lako limesimama juu ya kimoja likimhukumu mwenzake. Tulilihamisha lango ili mtu akiingia akutane na mlango uso kwa uso, na yule dereva akahamia siku ile ile. Alikuja kuniletea kuku.

Basi, tufike Mishomoroni. Mnajua ardhi ya kule inavyoteremka kwenda kwenye mkono wa bahari, na watu wanavyojenga juu na chini ya mteremko. Mama Mutheu ni mama wa Kikamba, mchuuzi wa viazi na vitunguu, anayenunua mzigo wake sokoni Kongowea mapema na kuuza mtaani. Alijinyima miaka mingi akanunua kiwanja chini ya genge la udongo. Kilikuwa rahisi kwa sababu ya hilo genge. Ili aweze kukaa pale na watoto wake ilibidi tujenge ukuta mrefu nyuma ya uwanja, wa kuzuia udongo usije ukamshukia.

Kwenye ramani ya ukuta ule mchoraji aliandika batter. Nikamweleza Fundi Athumani kwamba ukuta usisimame wima, utazame mbinguni kidogo, uulalie mlima kwa mgongo. Maisha yake yote alikuwa akigombana na kuta zilizoinama, na leo mtoto wa kike anamwambia ajenge ulioinama kwa makusudi.

"Wataka nijenge ukuta uliolala?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, na hapo nikakwama. Nilijaribu kumweleza kwamba udongo husukuma siku zote, mchana na usiku, na ukuta uliosimama wima hauna pa kupokelea msukumo ule. Ukiuegemeza nyuma tangu mwanzo, unakuwa nao umeshajiweka tayari kusukuma. Alisikiliza, akafikiri, akachukua kipande cha jiwe akakisimamisha kwenye mchanga, akakisukuma kwa kidole kikaanguka. Akakisimamisha tena, safari hii amekiegemeza kwenye ngumi yake, akasukuma kwa ngumi kutoka nyuma. Hakikuanguka upesi.

"Basi huo haukulala," akasema. "Huo umelazwa."

Nilitamani yule mwalimu wangu wa chuo awepo asikie. Kiingereza kina neno batter kwa mwinamo uliotakwa, na kina neno tilt kwa mwinamo uliojitokea wenyewe, kitu kilipoachwa kikaanza kwenda. Kwa macho yaweza kuwa ni kitu kimoja. Wa kwanza una mwenyewe: kuna mtu aliyeukusudia, akaupima, akaulipia jasho. Wa pili hauna mwenyewe. Na ukimkuta mtu amesimama mbele ya kitu kilichoinama, swali la kwanza si kimeinama kiasi gani. Swali ni nani aliyekiinamisha.

Siku ya pili Fundi Athumani alikuja na ubao. Alikuwa ameuchonga mwenyewe, upande mmoja umenyooka na upande wa pili umekatwa kwa mwinamo ule ule uliotakiwa na ramani. Katikati alichora mstari, juu akafunga uzi wa timazi. Unauweka upande wa mwinamo kwenye uso wa ukuta, unauachia uzi. Uzi ukianguka juu ya mstari, ukuta umelazwa sawasawa. Ukitoka nje ya mstari, vunja urudie. Waashi waliupokezana ubao ule mpaka jiwe la mwisho. Chini ya ukuta tuliacha matundu, ya kutolea maji ya mvua yanayojikusanya nyuma yake, na tukamkabidhi Mama Mutheu uwanja wake. Miaka ikapita. Magoti ya Fundi Athumani yalipokataa kazi, ubao aliniletea mimi. Alisema hana mwingine anayejua ni wa nini.

Simu ilikuja katikati ya masika, mvua ikiwa imenyesha juma zima. Nilikuwa nimebakiza kazi ndogondogo tu kabla ya kustaafu.

"Bi Mishi, shikamoo. Ukuta imeinama," Mama Mutheu akasema. "Watu wote wanaona. Wanasema itatumaliza."

Nilimuuliza watoto wako wapi. Akasema ameshawahamisha, wako salama. Nikamwambia nakuja, asiguse kitu. Wallahi sikumbuki nilivyovuka feri siku ile. Nakumbuka nilikuwa nimekumbatia ubao kifuani, na watu wakinipisha kama wanaompisha mgonjwa. Nilijiuliza kama tulikosea msingi. Nilijiuliza kama kuna siku nilitazama pembeni na fundi mmoja akaruka ubao. Aliyeweza kunijibu alikuwa amezikwa Mtongwe.

Nilipofika uwanja ulikuwa umejaa. Aliyekuwa akiongoza maneno ni Baba Saidi, jirani wa juu, mwenyekiti wa kichochoro kile, mtu mwenye sauti na moyo mzuri. Alinipokea kwa heshima zote akanionyesha hali ilivyo. Mwisho huu wa ukuta, ulio nyuma ya nyumba, umeinama, kila mtu anaona. Mwisho ule, ulio nyuma ya banda la viazi, umesimama imara. Alikuwa ameshazungumza na vijana wenye nyundo waje wauvunje ulioinama kabla haujaua watu. Na kwa sababu nyumba iko karibu na mwisho mbaya, Mama Mutheu alikuwa amehamishia magodoro na watoto bandani, kwenye mwisho mzuri. Nilichungulia nikawaona. Mutheu, binti mkubwa, alikuwa ameegemea ukuta akisoma, na wadogo zake wawili wakila mahamri juu ya magunia.

Nilifanya nilichofundishwa. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, ule uliokuwa ukiogopwa. Haukuwa baridi kuliko jiwe lolote siku ya mvua. Nikaweka ubao, nikauachia uzi. Ukaanguka juu ya mstari, pale pale Fundi Athumani alipouchora. Nilipumua. Baba Saidi akauliza wasemaje ubao, nikamwambia hapa ukuta uko kama ulivyozaliwa. Watu wakanong'ona, wengine hawakuamini, na sikuwalaumu, kwa sababu kweli ulikuwa umeinama. Nikasogea mbele nikapima tena, uzi uko kwenye mstari. Nikasogea tena.

Nilipolikaribia banda, uzi ulianza kuuacha mstari. Kidogo, halafu zaidi. Niliingia ndani ya banda, nikapenyeza ubao kati ya gunia na gunia, na uzi ukatoka nje kabisa ukaning'inia hewani. Mwisho ule ambao kila mtu alikuwa akiusifu kwa kusimama imara ulikuwa wima. Nikaweka kiganja. Ulikuwa baridi kama mtungi.

Wanangu, nisikilizeni vizuri hapa. Ukuta wa nyumba ukiwa wima, umshukuru Mungu. Ukuta uliolazwa ukiukuta umesimama wima, ujue umeshaanza safari. Haukusimama kwa ujasiri. Umesukumwa kutoka nyuma, na pale wima ni kituo tu unachopita ukielekea kifuani kwako.

Sikutaka kupiga kelele, maana kelele huwafanya watu wakimbie ovyo. Nilimwita Mama Mutheu karibu nikamwambia awatoe watoto humo, sasa hivi, asichukue kitu.

"Lakini hapa ndiyo iko sawa," akasema.

"Hapa haikutakiwa kuwa sawa, Mama Mutheu. Watoe."

Mama Mutheu aligeukia banda. Aliwaita watoto mmoja mmoja kwa majina, kwa sauti ya kawaida, kama anayewaitia chakula. Mutheu alitaka kurudi kuchukua kitabu, mama yake akamshika mkono. Walipotoka wote mpaka barazani kwa Baba Saidi, mimi nilikaa juu ya gunia moja la viazi lililokuwa nje, nikalia mbele ya watu. Fikirini wenyewe. Tungechelewa kidogo, vijana wangevunja upande salama uliokuwa ukiwalinda, na watoto wangelala usiku ule chini ya ule mwingine.

Nilimpigia simu injinia mmoja kijana wa Kiembeni, niliyekuwa nikifanya naye kazi. Alifika mchana ule ule na viatu vyake safi, na hakujali viatu. Ndiye aliyepanga yote, na ninamsifu mpaka leo. Alizuia mtu yeyote asipite mbele ya mwisho ule. Kisha akawapandisha vijana juu ya genge wapunguze udongo nyuma ya ukuta kwanza, kabla ya jambo lingine. Wale wale waliokuja na nyundo wakapewa majembe. Magunia yakavutwa kwa ndoana kutoka mbali, na yalipoondoka tukaona sote sababu. Matundu ya chini yalikuwa yamezibwa, tambara kwanza, halafu simiti juu yake, kazi safi kabisa.

Mama Mutheu aliinua mkono kabla hatujauliza. Alisema maji yalikuwa yakitoka mle na kulowesha vitunguu, na kitunguu kikilowa kinaoza, na kimoja kikioza kinaozesha gunia. Kwa hiyo aliyaziba, akaweka banda lake pale. Kwa mtu anayeishi kwa vitunguu, tundu linalotema maji ni adui. Akaniuliza kama ni yeye aliyetaka kuwaua watoto wake. Nikamwambia hapana. Alikuwa akiwatafutia chakula watoto wale wale, na maji yalikosa njia yakaanza kusukuma. Nilimwambia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakunisikia.

Udongo ulipopungua, injinia akazibua matundu kwa mtaimbo mrefu, akisimama pembeni. La kwanza lilitema tambara, halafu maji ya rangi ya chai ya maziwa, kwa nguvu, yakamfikia Baba Saidi aliyekuwa amesimama mahali alipodhani ni mbali. Alilowa mpaka kiunoni. Watoto wakacheka kule barazani, na kicheko kile kilitutoa wote hofu. Maji yalitoka mpaka jioni.

Kulikuwa na ufa mmoja mwembamba kwenye ukuta. Tulifanya alivyokuwa akifanya Fundi Athumani: tulivunja kioo cha zamani, tukachukua kipande chembamba, tukakigandisha kwa simiti juu ya ufa, huku na huku. Yeye alikiita shahidi. Ukuta ukisogea hata upana wa kucha, kioo hupasuka, maana kioo hakivutiki wala hakipindi. Kioo kikiwa kizima, ukuta umetulia. Baba Saidi alimchukua Mama Mutheu na watoto wake nyumbani kwake mpaka mvua ziishe. Alikosea ukuta, lakini ujirani hakuukosea. Na kila asubuhi Mama Mutheu aliteremka kumtazama shahidi, kisha akanipigia. Kizima, Bi Mishi. Kizima. Nilikuwa nasubiri simu ile kabla sijatia kitu mdomoni. Masika yakapungua, yakawa manyunyu, yakakoma, na kioo bado kizima.

Kwenye kiangazi tulibomoa mwisho ule peke yake, tukaujenga upya kwa ubao ule ule, injinia akisimamia. Matundu tuliyatilia mabomba marefu kidogo, ili maji yateremkie kwenye mfereji, mbali na vitunguu. Banda lilihamia upande wa pili. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, na nilifurahi kwamba haikuwa jengo kubwa.

Nilipokuwa nikiaga nilimwachia Mama Mutheu ubao. Alikataa, akasema ni kitu cha fundi. Nikamwambia aliyeuchonga aliutengeneza kwa ajili ya ukuta huu, na ukuta huu ni wake. Nilimfundisha kuuweka na kuuachia uzi. Tangu wakati huo kila mvua kubwa ikinyesha alinipigia simu kuniambia uzi uko wapi, nami nikamwambia alhamdulillahi, na kwa njia hiyo, kidogo kidogo, nikaanza kujifunza kulala. Siwezi kuwaeleza jinsi mtu anavyojisikia akirudishiwa usingizi wake baada ya miaka mingi. Mtajenga, mtazeeka, mtajua.

Jumapili iliyopita mvua ilishuka baada ya chakula cha mchana, ile mvua inayoficha nyumba ya jirani. Nilijilaza nikaweka simu karibu na mto. Haikulia. Nikangoja. Mwisho nikapiga mimi, na aliyepokea alikuwa Mutheu, sasa mtu mzima, anafanya kazi kiwandani Changamwe na Jumapili huja kwa mamake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko wapi? Uzi wasemaje?"

"Nimepima mimi," akasema. "Uko kwa mstari. Mama amelala, tangu mvua ianze."

Nilimwambia asimwamshe. Nikaiweka simu chini, nikajivutia shuka.